Barua kwa mwanangu: wingu likikaa msituni, wageni wasishuke

Mwanangu hujambo. Sisi huku Mbezi, Dar, tuko salama, dada yako anaendelea vizuri na mtoto ananyonya hasa. Naandika maana nikikupigia unasema mama mtandao unakata, kumbe uko na wageni unaowatembeza. Basi soma mpaka mwisho, usiruke.

Nimeiona ile picha uliyoweka status jana. Wageni wako wameshuka maporomoko ya Kinukamori mpaka chini kabisa, mmoja kaingia maji ya magoti anacheka, na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. We mtoto wa Marangu, umezaliwa chini ya Kilimanjaro, maji ya vile unayapiga picha? Mto ule unageukaje rangi kama huko juu hakunyeshi? Pale Marangu Mtoni jua linaweza kuwaka watu wameanika nguo, kumbe msituni juu mlimani mvua inapiga tangu alfajiri, na msitu ule kwa mwaka unapata zaidi ya milimita 2,000, nyingi yake ndo masika hii, Machi mpaka Mei, na yote lazima yashuke kwetu. Hayapigi hodi.

Sio kwamba sitaki ufanye kazi. Mama jirani kaniambia juzi ulivyowaeleza wageni habari za mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya mashamba, nduwa, yaani bwawa lake, inavyofungwa na kufunguliwa, zamu za maji zinavyokwenda boma kwa boma, mpaka mzee mmoja wa kizungu akatoa daftari akawa anaandika. Nilifurahi sana, nimemsimulia kila mtu hapa, hata dereva wa bajaji. Baba yako angekuwepo angejidai. Ila hukunisimulia mwenyewe, nasikia kwa majirani, sijui nimekukosea nini.

Sasa nisikilize. Njia yenu ya kuzunguka ni nzuri, naikubali, kupanda na mfongo katikati ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, mnakata vijito, mnafika maporomoko, alafu mnarudi kwa upande wa pili mpaka Mtoni. Wageni hawapendi kurudi walikopita. Lakini ubaya wa kuzunguka ndo huo, ukishavuka kijito cha kwanza na cha pili, maji yakija huna mbele huna nyuma, uko katikati na watu wanne wenye viatu vya bei mbaya wanakuangalia wewe. Aliyekwenda kwa njia moja anageuka tu anarudi nyumbani. Kwa hiyo siku ambayo huuoni mlima, wingu limekaa msituni, usizungushe. Wapeleke kwa njia ya juu, waangalie maporomoko wakiwa juu, warudi hivyohivyo. Na wasishuke.

Hadithi ya Makinuka, yule binti aliyeanguka kwenye maporomoko, na chui wanaipenda, wasimulie, lakini wasimulie wakiwa hapo juu, na usiimalizie kwa kucheka kama nilivyokusikia siku ile, binti alikuwa na mimba yule jamani. Na ya Hans Meyer kufika kileleni 1889 punguza, wameshayasoma huko kwao kabla hawajapanda ndege. Waeleze kahawa, waeleze migomba, hayo hawayajui.

Ukiona majani na vijiti vinaelea vingi kuliko dakika chache nyuma, toa watu. Ukisikia sauti ya mto imekuwa nzito, toa watu, usisubiri mtu amalize selfi. Mgeni akinuna akakunyima tipu mwache anune, tipu nitakupa mimi. Najua utasema mbona mama ulikuwa unavuka masika na mzigo wa majani kichwani. Mimi nilikuwa na ng'ombe wanalia njaa, na nani angenikatia hayo majani? Usijilinganishe na mimi.

Na kamba nunua. Sio ile ya kufungia ng'ombe, nakujua.

Halafu ng'ombe. Ndama anapewa maziwa au mnauza yote? Mwambie kijana asimkatie migomba mitupu, achanganye na majani, na mabanda ayafagie, mbolea ipelekwe kwenye kahawa sio irundikwe pale mlangoni inanuka. Kwenye kahawa toa maotea, niliondoka zimeanza kuwa vichaka. Zamu yetu ya mfongo usiiache hata kama mvua inanyesha, usipoonekana siku ya kusafisha mfongo watakutoza faini na kiangazi watatukumbusha. Fundi wa paa ameshalipwa nusu, asikudanganye, karatasi iko kwenye kabati chini ya vitenge, usivuruge.

Dada yako anataka mtori, na ndizi za hapa Dar mi sizielewi. Kata mikungu miwili ya mshare, ile ya nyuma ya jiko, sio ya kwa bibi, ipakie basi la asubuhi na umpe kondakta namba yangu. Weka na maziwa ya mgando kama yapo, funga vizuri yasimwagikie watu.

Na Jumamosi umesema una kundi la watu sita. Sita ni wengi kwa mtu mmoja, tafuta mwenzako mmoja akae nyuma. Asubuhi kabla hujatoka toka uani uangalie juu, alafu nitumie meseji umeona nini, mlima au wingu. Usiponitumia nitapiga kwa mwenyekiti wa kijiji, na unajua nitapiga kweli.

Mama yako