Sashe ya SRO ni ya lita 1, si ya chupa ya bia ya Primus

"SRO nimempa tangu jana, lakini bado anahara." SRO ni unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, anaonyweshwa mtoto anayehara. Mama akituambia hivyo hapa farmasini Goma, tunamuuliza kwanza alikorogea wapi. Mara nyingi ni chupa ya Primus, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Chupa hiyo inabeba sentilita 72. Sashe ya gramu 20.5 imepimiwa lita 1 kamili. Ukiimwaga yote humo, ukali unazidi kwa karibu asilimia 40. Katika chupa ya nusu lita unakuwa maradufu. Chumvi na sukari zikizidi hivyo, zinavuta maji ya mwili kuyaingiza tumboni, na kuhara kunaongezeka. Chumvi ikipanda sana kwenye damu, mtoto mchanga anaweza kupata degedege. Chupa ya lita 1.5 nayo inaipunguza nguvu mno. Wala usigawe unga kwa macho: koroga sashe nzima.

Jaza chupa mbili za maji za nusu lita, mimina kwenye chombo safi chenye kifuniko, kisha tia unga. Maji ya ziwa yachemshwe na kupoa kwanza. Dawa ikishakorogwa haichemshwi tena. Saa 24 zikipita, mwaga iliyobaki. Ukituletea kidumu chako, tunakipima na kukichora alama ya lita 1 bure.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, yaani vijiko vya chai 10 hadi 20. Mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, si kikombe kwa mkupuo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole zaidi. Ziwa la mama lisikatwe hata siku moja.

SRO inarudisha maji. Haifungi choo, na haikuundwa kwa kazi hiyo. Zinki ndiyo inayofupisha kuhara: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyushwa katika kijiko cha maji au cha maziwa ya mama. Tafadhali msikiache siku ya tatu choo kikishakuwa kizuri, maana zinki inamkinga pia kwa miezi 2 au 3 inayofuata. Dawa za kufunga tumbo hatumuuzii mtoto mdogo, hata mzazi akisisitiza: zinaweza kuzubaisha matumbo na kumlegeza mtoto.

Finya ngozi ya tumbo na uiachie. Ikirudi polepole, macho yakiwa yamezama, mtoto akilegea au akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, nenda kituo cha afya mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 asisubiri dalili hizo. Choo kikiwa kama maji ya mchele, kifikirie kipindupindu: mtoto anaweza kukaukiwa kwa saa chache tu, kwa hiyo mnyweshe SRO njiani mkielekea huko.