Mwanangu, jua likizama uwe umeshapumzika

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Ujumbe wako wa kazi ya mji wa Broken Hill, huko huko Australia, niliusoma, nikampa mama yako naye akausoma kwa sauti. Tumefurahi sana. Muuguzi wa hospitali, binti yetu! Majirani wote wanajua, nimewaambia mwenyewe. Lakini hilo la kwenda huko kutoka Sydney na kigari chako, peke yako, zaidi ya kilomita 1,100, limeninyima usingizi. Na gari lenyewe umelinunua kwanza ndipo ukaniambia. Haya, yamepita.

Nakuomba jambo moja: usiendeshe jua likishazama, kwa ajili ya kangaruu.

Najua utasema, baba, kangaruu nimeshawaona. Uliowaona ni wale wa pwani ya Murramarang, wanaojilalia majanini watu wakiwapiga picha. Hao ni wa kijivu wa mashariki, wameenea toka Queensland hadi Victoria na Tasmania, na hata Canberra, mji mkuu, wanakula majani karibu na nyumba za watu. Unakokwenda ni kwingine. Mdogo wako amenisomea kwenye simu, nami nimeichora njia yako nyuma ya kalenda. Ukishavuka milima, Bathurst hadi Dubbo, bado uko kwa hao wa kijivu. Wanashinda mitini, jioni wanatokea malishoni. Ukipita Nyngan nchi inakuwa tambarare na kavu, na hapo unaingia kwa wekundu, wakubwa kuliko wote. Dume anafika kilo 80 na zaidi, na akisimama anakutazama machoni. Majike wengi wana rangi ya majivu, kwa hiyo magharibi inapoingia huwaoni kirahisi. Kwenye vilima vya mawe wako wengine tena, wanene, wenye manyoya marefu. Wale wa kaskazini, toka Kimberley hadi Cape York, na wale wanaopanda miti huko New Guinea na pembe ya juu ya Queensland, hao siwaogopi, hawako njiani kwako.

Ninachokiogopa ni saa zao. Mchana wa jua kali wanalala kivulini na kujilamba mikono wapoe, unaweza kwenda mwendo mrefu usimwone hata mmoja, ukadhani hakuna. Jua likielekea kuzama wanaamka. Tena wanakuja barabarani kabisa, kwa sababu maji ya mvua yanayotiririka kwenye lami huotesha majani kandokando, na wakati wa ukame huenda majani mabichi yakawa hapo tu. Ukiona kingo za barabara zina kijani na kwingine kote ni vumbi, punguza mwendo hata kama kibao kinakuruhusu. Taa zikimmulika anaduwaa, halafu anaruka, na hujui ataruka upande upi. Mruko mmoja unaweza kufika mita 8. Akitokea mbele yako, kanyaga breki na usukani uunyooshe. Usimkwepe. Kwa mwendo ule ukikata kona ghafla gari linapinduka.

Na usinijibu kwamba mimi nilipita mbuga ya Mikumi usiku miaka yote ile. Nilikuwa juu ya lori, wewe umekaa chini. Kangaruu akigongwa na gari dogo anapanda boneti na kukujia kiooni. Mama yako ndiye aliyekuwa halali nyakati hizo. Muulize yeye, mimi sijapata kumuuliza.

Siku ya kwanza lala Dubbo. Ya pili lala Cobar, hata ukifika mapema na kujiona una nguvu. Kutoka hapo hadi Broken Hill ni zaidi ya kilomita 450, na mji wa maana katikati ni Wilcannia tu, basi jaza mafuta, beba maji, na usiondoke mpaka jua limepanda. Mwezi wa saba huko ni baridi, giza linaingia mapema. Na Broken Hill saa zao ziko nyuma ya Sydney kwa nusu saa. Simu ikijirudisha nyuma usidhani umepata muda wa ziada, jua halijakungoja.

Ukipangiwa zamu ya usiku, tafuta chumba cha karibu na hospitali utembee kwa miguu. Alfajiri nayo ni saa yao. Usiendeshe, mama.

Fedha imefika. Mabati ya jikoni tumeezeka, ada ya mdogo wako nimelipa yote, na risiti ninayo. Sukari ya mama yako imeshuka tangu aache soda, ila miguu bado inamuwaka moto usiku. Niandikie kama ni zile dawa au niende naye tena kliniki. Fundi naye anauliza kama sebule aweke vigae sasa au asubiri Desemba. Mpigie wewe, mimi nikimwambia asubiri ananiona bahili.

Baba yako