Barua kwa Wazazi na Walezi: Uchoraji wa Mandhari Katika Muhula Huu

Ndugu Wazazi na Walezi,

Taarifa ya maendeleo ya kila mwanafunzi imeambatanishwa na barua hii, hivyo sitairudia. Ninawaandikia kuhusu picha ambazo watoto wa darasa la tano wanarudi nazo nyumbani, kwa kuwa ningependa mzipokee mkijua zilivyopatikana.

Muhula ulipoanza, karibu kila mtoto aliyeambiwa achore mlima alichora pembetatu yenye kofia nyeupe, ingawa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana kutoka dirishani mwa darasa na haina umbo hilo hata kidogo. Ndipo walimu wa sanaa wakaamua kuanza na wachoraji waliozaliwa kwenye miteremko yetu hii. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Chuo cha Makerere, Uganda, kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyewahimiza wanafunzi wachore maisha wanayoyajua badala ya kunakili ya Ulaya. Ntiro alikwenda London kusoma, akarudi huko baada ya Uhuru akiwa balozi wetu, lakini mada yake ilibaki ile ile: vilima, migomba na watu wa Uchagani wakiwa kazini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Elimo Njau wa Marangu, naye wa Makerere, alichora habari za Yesu kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a, Kenya, akaziweka katika mandhari ya Kiafrika.

Baada ya hapo watoto walitoka nje wakaketi kando ya mfereji. Mmoja wao aligundua kwamba migomba ya mbali si ya kijani kama ya karibu, bali ina rangi ya samawati iliyofifia, akachanganya rangi hadi akaipata. Mwingine alichora kwa uangalifu mkubwa majani makavu yanayoning'inia chini ya yale mabichi, jambo ambalo hakuna aliyemwelekeza.

Wapo wazazi waliouliza iwapo muda huu haupunguzi maandalizi ya mitihani. Naamini kwa dhati kwamba mtoto aliyezoea kutazama kitu kwa makini kabla ya kukichora husoma hata swali la hisabati kwa makini zaidi.

Ninawaomba msiwarekebishie milima yao. Wakati wa likizo wapeni nafasi ya kuchora kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Penseli na kipande cha boksi vinatosha. Bibi na babu wanaokumbuka barafu ya Kibo ilipokuwa imeshuka chini zaidi kuliko sasa wawasimulie wajukuu, ili mtoto achore Kibo ya wakati ule kando ya Kibo ya leo. Picha hizo ziletwe siku ya kufungua shule, nasi tutazitundika ukumbini ambako kila mzazi anakaribishwa kuzitazama.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu