Dawa iondolewe kabla haijafika kwenye majitaka ya wote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie antibiotiki ambazo, baada ya kumezwa na mgonjwa, hutoka kwa mkojo na kinyesi zikiwa bado na nguvu, kisha zikaingia katika mabomba ya majitaka.

Mitambo mingi ya majitaka ilijengwa ili kuondoa kinyesi na uchafu unaooza, wala haikukusudiwa kuondoa dawa. Ukichota maji ya tangi la mtambo linalopulizwa hewa na kuyaacha yatulie katika glasi, utaona vipande vya tope la kahawia vikizama taratibu, na katika kila kipande bakteria wa aina nyingi wameshikamana. Bakteria hao ndio wanaofanya kazi ya kusafisha, lakini ndio pia wanaooga katika dawa mchana na usiku. Penisilini huvunjika mapema, ilhali siprofloksasini, antibiotiki nyingine, hunata kwenye tope, na tope hilo likimwagwa shambani kama mbolea, dawa huenda nalo.

Wengi hudhani kwamba dawa iliyopungua sana haina madhara. Sivyo, kwani hata kiwango kisichotosha kumuua bakteria humpa aliye sugu, yaani asiyeuawa na dawa hiyo, nafasi ya kuzaana kuliko wenzake, naye akiwa na plasmidi, yaani kipande cha vinasaba chenye umbo la duara kinachoweza kubeba usugu huo, anaweza kumgawia jirani ambaye hata si wa jamii yake. Huko Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta hadi miligramu 31 za siprofloksasini katika lita moja ya maji yaliyokwisha kusafishwa katika mtambo unaopokea majitaka ya viwanda vya dawa. Kiwango hicho kinapita kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo.

Njia za kuiondoa zipo. Gesi ya ozoni huvunjavunja molekuli za dawa, na kaboni amilifu, yaani mkaa ulioandaliwa maalumu, huzinasa. Uswisi imeuwekea sheria usafishaji huu wa ziada tangu 2016, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama ya usafishaji huo wa ziada. Naiona hatua hiyo kuwa ya haki.

Hata hivyo, kuondoa dawa hakuondoi usugu uliokwisha kuzaliwa. Klorini inaweza kumuua bakteria huku jeni zake za usugu, yaani vinasaba vinavyoubeba, zikibaki majini, na bakteria mwingine akaziokota. Mionzi ya urujuanimno (UV) nayo huhitaji kipimo kikubwa zaidi kuharibu jeni hizo kuliko kumuua bakteria mwenyewe. Anayepima dawa peke yake, akatangaza kwamba maji yamekuwa salama, amepima nusu ya tatizo.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazotoa vibali vya kumwaga majitaka zivitake viwanda vya antibiotiki, na hospitali kubwa pia, visafishe maji yao palepale, kabla hayajakutana na kinyesi cha mji mzima chenye bakteria wasiohesabika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu majitaka ya viwanda hivyo Septemba 2024, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza upya. Vibali hivyo vidai vipimo vya dawa na vya jeni za usugu pamoja, na matokeo yatangazwe kwa wananchi wanaoishi kando ya mto unaopokea maji hayo.

Wako mwaminifu,
Msomaji