Balozi wa Liuli ambaye wanafunzi wetu wanamuita mzungu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Juzi nilikuwa nakagua daftari la Literature la mpwa wangu, yuko kidato cha nne, kila insha ya mashairi inaanza vilevile kwa kutaja kitabu cha mashairi wanachosoma: Growing Up with Poetry, D. Rubadiri, 1989, halafu anaingia kwenye hoja. Nikamuuliza, huyu D. Rubadiri ni nani? Akanijibu, "Si mzungu fulani hivi, mjomba." Simlaumu, na mwalimu wake simlaumu sana, nadhani na yeye alifundishwa hivyohivyo.

Sasa huyo mzungu, jina lake David Rubadiri, kazaliwa Liuli, kwenye ziwa Nyasa, mkoa wetu huuhuu wa Ruvuma, mwaka 1930. Liuli hiyohiyo ya misheni ya Waanglikana ambayo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Wazazi wake walikuwa Wamalawi, akasoma shule ya Budo kule Uganda, akaingia Makerere, mwaka 1959 wakoloni wakamtia kizuizini kwenye ile hali ya hatari ya Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, alipotoka akaenda Cambridge. Malawi inapata uhuru Julai 1964 yeye akawa balozi wake wa kwanza Marekani na Umoja wa Mataifa, na hapo hajafika hata miaka 35.

Wengi wangekaa hapo mpaka pensheni. Lakini miezi michache tu baada ya uhuru Kamuzu Banda, kiongozi wa Malawi, akagombana na mawaziri wake, walikuwa wanalalamikia mambo kama urafiki wake na Wareno na ile peni tatu aliyotaka wagonjwa walipe hospitali, wengine wakafukuzwa, wengine wakajiuzulu, mmoja wao, Kanyama Chiume, akakimbilia huku kwetu. Mwaka 1965 Rubadiri naye akaachana na Banda. Akarudi Makerere kushika chaki, baadaye Amin alivyoichafua Uganda akahama tena, akafundisha Nairobi, kisha Botswana mpaka 1997. Riwaya yake ilitoka 1967, na mwaka 1971 yeye na David Cook wakatoa mkusanyiko wa mashairi ya Afrika Mashariki uliosomwa na vizazi na vizazi. Lile shairi lake la mvumbuzi Stanley kukutana na Mutesa, kabaka wa Buganda, ndo linajulikana zaidi, na humo Mutesa anamkaribisha mgeni kwa Kiswahili kabisa.

Yaani ukiangalia orodha ya vitabu vya sekondari kuna kitu kinachekesha. Humohumo yumo Ferdinand Oyono wa Cameroon, yule wa The Old Man and the Medal. Oyono alianza na riwaya, tatu kali sana, ya mwisho 1960, halafu akaingia ubalozi na uwaziri, akafika mpaka waziri wa mambo ya nje, na riwaya nyingine hakutoa. Mwenzake akapita njia hiyohiyo kinyumenyume. Mimi kwa maoni yangu Rubadiri ndo alipata zaidi ingawa alipoteza nyumba na gari la serikali, maana wanafunzi aliowafundisha wametapakaa Afrika Mashariki nzima. Na kwenye hicho kitabu chake cha Growing Up with Poetry kuna shairi la Armando Guebuza, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, mpwa wangu amelichambua kurasa mbili nzima bila kujua.

Banda alipotolewa kwa kura mwaka 1994 mzee akakumbukwa, 1997 wakamrudisha Umoja wa Mataifa kwenye kiti alichokiacha zaidi ya miaka 30 nyuma, mwaka 2000 akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Malawi. Amefariki Mzuzu, kulekule Malawi, Septemba 2018, na huku kwetu sikuona watu wakizungumza sana.

Ombi langu ni dogo Mhariri. Mtoe hata nusu ukurasa kuhusu huyu mzee kabla ya mitihani ya kidato cha nne, walimu wakate wabandike ukutani. Na halmashauri ya Nyasa kama inanisoma, kuna shule pale Liuli, maktaba ya shule mojawapo ikiitwa Rubadiri gharama yake ni kibao na rangi tu, hatuhitaji mfadhili.

Msomaji wenu,
Songea