Mwanangu, kaandike mawe ya babu yako

Tanga, Mei

Mwanangu mpendwa,

Pole na mitihani. Mama yako anasema mlipoongea kwenye simu ulikuwa unacheka, nami nikashusha pumzi. Huku hatujambo sote. Najua ulipanga kuja Tanga moja kwa moja ulale na ule pweza, lakini nina ombi. Kabla JKT hawajakuita, pitia Dodoma ukakae na babu yako. Nimeshamwambia unakuja, na bibi yako ameshaanza kutafuta kuku.

Sababu ni macho. Babu yako haoni vizuri tena. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta kwenye kile chumba cha uani, ameshika jiwe dirishani, analisogeza mbali, analirudisha karibu. Akaniuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Palikuwa na kipande cha plasta iliyogeuka rangi ya chai, wino umefutika, hata mimi sikuambulia herufi. Akaligeuza, akalilamba, akasema, "Ahaa, hili la Rungwe."

Usishtuke akilamba. Jiwe likilowa ndipo rangi na chembechembe zake hujitokeza, na wanajiolojia, watu wa kazi yake ya kuchunguza miamba, wote hufanya hivyo. Bibi yako ndiye hajakubali mpaka leo.

Unaona tatizo lilipo. Yeye analitambua jiwe kwa ulimi na kiganja, sisi wengine hatutambui kitu. Alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba sampuli isiyojulikana ilikotoka ni kokoto, hata ing'are vipi. Sasa rafu nzima inageuka kokoto taratibu, na kila anayemtembelea anasifia mawe kisha anakwenda zake. Nataka wewe ukae naye, jiwe moja baada ya jingine, yeye aseme wewe uandike: limetoka wapi, mwaka gani, lilikuwa sehemu ya mwamba au limeokotwa mtoni. Hilo la mwisho usilisahau, maana jiwe la mtoni limesafiri.

Wewe umemjua akiwa mstaafu wa kanzu na redio. Mimi nimelelewa na baba wa safari. Idara ya jiolojia iliwekwa Dodoma tangu 1925, enzi za Waingereza, ndiyo maana sisi tulikulia kule wakati wenzake wengi wa chuo walikimbilia Dar. Kiangazi kikianza, Landrova inapakiwa mahema, madumu ya maji na magunia matupu, anaondoka. Anarudi mvua zikinusa, ndevu zimejaa vumbi, gari limelalia nyuma kwa uzito wa mawe. Katikati hapo ni bibi yako aliyetupeleka hospitali, aliyekwenda vikao vya shule, aliyeuza zabibu ili karo itimie. Babu akianza kusimulia safari zake msikilize, kisha nenda jikoni umuulize bibi mwaka huohuo kulikuwa na nini nyumbani. Hayo nayo yaandike.

Likizo moja nikiwa sekondari alinichukua hadi Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natron. Miaka hiyo, kabla ya milipuko mikubwa ya 2007, shimo la kileleni lilikuwa limejaa zaha, ule mwamba ulioyeyuka unaotoka volkano, iliyokwisha kuganda na mtu aliweza kutembea juu yake. Tulianza kupanda usiku wa manane, maana jua likishachomoza mteremko ule ni kaango. Majivu yanateleza, unapanda hatua mbili unarudi moja, na baba yangu mbele anaimba nyimbo za kanisani kana kwamba yuko sokoni.

Zaha ya pale haina mfano kwenye volkano nyingine yoyote iliyo hai leo. Imejaa sodiamu na kaboneti badala ya silika, ile ya kwenye mchanga, kwa hiyo hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya zaha ya kawaida, tena ni nyepesi, inakimbia. Mchana haing'ai hata kidogo. Unaona kitu cheusi kinachuruzika, ungeapa ni tope. Kisha baba akanionyesha sehemu iliyomwagika siku za nyuma: nyeupe pe, ukiikanyaga inavunjika kwa mlio mdogo. Unyevu wa hewa ndio unaoigeuza. Kipande cheusi alichokichukua siku ile alikitia kwenye kopo la kahawa, tuliposhuka kambini akaliziba kwa nta. Kopo lipo rafu ya juu kabisa. Usilifungue, hata yeye mwenyewe akikuambia ufungue, na ataomba.

Kwenye rafu ya katikati kuna pengo. Hapo palikuwa na jiwe jeusi zito ambalo alilitafuta kiangazi kizima, akatusaka hadi sisi watoto. Bibi alikuwa analitumia kupondea vitunguu saumu. Ameshaamua linabaki jikoni, liandike hukohuko.

Atakuuliza kama unajua habari za Boheti bin Amrani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, na Boheti alikuwa msimamizi wa wachimbaji wetu. Mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, na yule mkubwa leo amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13 na ushei. Kuhusu kurudishwa kwake babu ana hotuba yake, andaa chai. Mimi kinachonigusa ni kwamba mwaka 2007 mmoja wa dinosaria wa pale alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Karibu karne nzima baadaye! Nadhani babu anaisimulia sana habari hii kwa sababu anawakumbuka madereva na wabeba sampuli aliofanya nao kazi, ambao majina yao hayamo kwenye ripoti yoyote. Akiwataja, waandike kando ya mawe yao.

Asubuhi utamkosa nyumbani. Dodoma inajengwa kila kona tangu serikali ihamie, na yeye huzunguka kwenye misingi inayochimbwa, anawasalimia mafundi, anachungulia shimoni. Wamemzoea, wengine humwita "mkaguzi". Nenda naye, mshike mkono kwenye mashimo, lakini ujifanye ni wewe unayeogopa.

Jioni huja vijana wa machimbo na mawe yanayometameta. Babu huchukua kigae cha bafuni, anakigeuza upande wa nyuma usio na mng'ao, anasugua jiwe juu yake. Dhahabu huacha mstari wa njano. Ile ya uongo, pairaiti, huacha mweusi wenye ukijani, na nyingi ni hiyo. Wanakunywa chai, wanaondoka, na babu hawadai hata shilingi. Majirani husema ana dhahabu chini ya kitanda. Chini ya kitanda kuna mawe, kweli, ila uyauze yote hupati debe la mahindi.

Kwenye treni kaa dirishani, upande wa kushoto. Ukifika Morogoro tazama Uluguru: miamba iliyopikwa na kukunjwa chini ya ardhi mabara yalipogongana, miaka kama milioni 600 iliyopita. Ukikaribia Dodoma utaona mawe makubwa ya mviringo yamepandana. Hiyo ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Babu humtania bibi, Mluguru wa watu, kwamba kwao milima bado inanyonya. Atakuuliza uliona nini njiani. Usimwambie ulilala.

Beba sweta, upepo wa Dodoma mwezi Juni si wa mchezo. Nunua daftari lenye jalada gumu, na Kariakoo utafute rangi ya kucha nyeupe na nyingine isiyo na rangi. Unapaka doa jeupe kwenye jiwe, likikauka unaandika namba kwa wino mweusi, juu unafunika na ile isiyo na rangi. Maelezo yote yanakaa daftarini. Babu ataguna kuona rangi ya kucha. Mwambie nimekutuma mimi.

Baba yako