Usimpe mhasibu nenosiri lako

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu,

Hujambo wewe na watoto? Ujumbe wako niliupata juzi duka limejaa mafundi, ndiyo maana nimekaa kimya.

Umeniuliza kama umpe mhasibu wako mpya nenosiri lako la QuickBooks, ile programu yetu ya hesabu. Usimpe. Simwiti mwizi, la. Ila akiingia kwa jina lako, kila atakachogusa kitaandikwa umekigusa wewe, na siku ankara ikibadilika kiasi mtabaki kutazamana. Wewe unatumia ile ya mtandaoni, kwa hiyo nenda kwenye watumiaji, umwalike kama mhasibu kwa barua pepe yake. Ataingia kwa nenosiri lake. Mkiachana, unamtoa, basi.

Mwenzio haya nimeyajua kwa kuungua. Mwaka juzi nilikuwa na ile ya kwenye kompyuta. Nikatia nakala ya hesabu kwenye flashi, nikampelekea mhasibu afunge mwaka. Akakaa nayo wiki tatu anarekebisha, na mimi huku nauza na kuingiza kama kawaida. Aliporudisha flashi, nikairejesha nakala yake juu ya yangu. Programu ikaniuliza kama nina uhakika; mimi huyo, nikakubali. Natafuta mauzo ya jana yake, hamna. Ya juzi, hamna. Nikakaa sakafuni na lundo la risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, feni nimeizima zisipeperuke, na joto la Tanga mwezi wa pili unalijua. Nyingine zilishafifia, namba hazisomeki. Kuna mifuko 40 ya saruji mpaka leo sijui niliuza kwa bei gani.

Kumbe programu ile ile ina nakala maalumu ya mhasibu! Unachagua tarehe, tuseme 31 Desemba: ya mpaka siku hiyo anayashika yeye, ya baadaye unaendelea nayo wewe. Akimaliza anakuletea marekebisho tu, mauzo yako mapya hayaguswi. Yeye hakuniambia, nami sikuuliza.

Halafu usimwalike nyumba haijafagiwa. Linganisha kwanza na taarifa za benki na za M-Pesa, maana ritani ya VAT ni tarehe 20 na yeye hatakuwa na wewe peke yako. Ile ada ya mtoto uliyolipa kwa hela ya duka, andika umechukua mwenyewe, usiifiche kwenye "matumizi mengine". Mimi nilirundika humo shilingi 1,800,000. Alinipigia simu, akanyamaza kidogo, kisha: "Mama, haya mengine ndiyo yapi?" Nikajifanya mtandao unakata.

Ukikwama kwenye kumwalika nipigie baada ya saa mbili usiku, nikishafunga. Na ile kanga yangu uliyoazima Idi, naidai bado.

Shoga yako